Anza na Shamba, Mtambo Uje Mwisho

Andiko la mradi wa majitaka katika miji yetu huanzia karibu kila mara mahali pamoja: ukubwa wa mtambo. Ukurasa wa kwanza hutaja mita za ujazo kwa siku, wa pili huonyesha mchoro wa mabwawa, kisha mabomba huchorwa kurudi nyuma kuelekea nyumba za watu. Mwishoni kabisa, mara nyingi katika sentensi moja, husemwa kuwa maji yaliyotibiwa yataweza kutumika kwa umwagiliaji. Wewe uliye mhandisi wa mamlaka ya maji, mpangamiji, au diwani unayeletewa andiko hilo uliidhinishe, nakushauri uligeuze. Anza na mtu atakayeyapokea maji mwishoni, uende kwenye choo cha nyumbani, ushuke na bomba, na mtambo uwe kitu cha mwisho kupewa ukubwa. Mpangilio huo hubadilisha mahali pa mradi, ardhi inayohitajika, mteremko wa mabomba na fedha. Nitalionyesha hilo kwa hesabu, nikitumia Dodoma kama mahali pa kufikiria: mji unaokua kwa kasi, wenye mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka ambayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na unaotegemea kwa sehemu kubwa visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Kata ya watu 20,000 nitakayoitumia ni ya kukokotoa tu. Weka namba za kwako mahali pake.

Tuseme kila mtu katika kata hiyo anatumia lita 80 za maji kwa siku, na asilimia 80 yake inarudi kama majitaka. Hizo ni lita 64 kwa mtu, yaani mita za ujazo 1,280 kwa siku kwa kata nzima. Ukiyatibu kwa mabwawa ambamo maji hukaa siku 25 katika kina cha wastani cha mita 1.5, unahitaji hekta 2.1 za uso wa maji. Jua la Dodoma likivukiza milimita 6 kwa siku, mabwawa hayo yanapoteza mita za ujazo 128 kila siku, sehemu moja ya kumi ya kilichoingia. Kinachobaki ni kama mita za ujazo 1,150. Zao linalohitaji milimita 4 kwa siku hunywa mita za ujazo 40 kwa hekta, kwa hiyo maji yako yanatosha hekta 29. Hadi hapo hesabu inapendeza, na maandiko mengi huishia hapo. Lakini uliza: kuanzia Desemba hadi Machi, shamba likiwa limelowa kwa mvua, maji hayo yanakwenda wapi? Mtambo haufungi likizo. Ukitaka kuyahifadhi kwa siku 120 unahitaji bwawa la mita za ujazo 138,000, ambalo kwa kina cha mita 4 ni karibu hekta 3.5. Yaani bwawa la akiba ni kubwa kuliko mabwawa yote ya kutibu yakiwekwa pamoja. Faida yake ni kwamba katika miezi ya kiangazi unaweza kumwagilia karibu hekta 38 badala ya 29, hata baada ya kuondoa uvukizi wa bwawa lenyewe. Gharama yake ni ardhi ambayo andiko lililoanzia kwenye mtambo halikuwahi kuiomba. Ardhi isiyoombwa leo, kesho imeshapimwa viwanja.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayochagua eneo. Ukijua shamba liko wapi, mtambo unakaa chini ya mji na juu ya shamba, ili maji yateremke yenyewe pande zote mbili. Ukichagua eneo kwa sababu tu kiwanja kilikuwa wazi, utalipa umeme wa pampu kila mwezi kwa maisha yote ya mradi, na mwezi utakaokosa fedha za umeme ndio mwezi wakulima watakapokosa maji.

Mtu anaweza kusema kwamba hakuna mkulima atakayeyataka maji hayo, kwa hiyo kuanza na shamba ni kuanza na ndoto. Ushahidi wa Nairobi unasema kinyume kabisa. Huko Maili Saba, si mbali na Dandora, watafiti waliwakuta wakulima wakiziba bomba kuu la majitaka ili maji yafurike kupitia chemba na kuingia kwenye mboga zao, yakiwa mabichi, kabla hayajafika kwenye mabwawa ya kutibu majitaka ya Ruai. Walijua harufu yake na walijua magonjwa yake. Walichokosa ni maji mengine. Mahitaji yalikuwepo kabla ya mpango, na kwa kuwa mpango haukuyapa mlango, yalivunja ukuta. Basi kazi yako ya kwanza si kuwashawishi watu wapende maji yaliyotibiwa. Nenda ukaangalie nani tayari anachota kwenye mfereji, anapanda nini, na katika miezi gani.

Mazao hayo ndiyo yatakayokuambia usafishe kiasi gani. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo kinachokumbukwa hadi leo kwa mazao yanayoliwa mabichi: bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika mililita 100, na yai la mnyoo lisizidi moja kwa lita. Mwaka 2006 shirika hilohilo lilihamia kwenye mtazamo mpana zaidi: usalama ujengwe kwa vizuizi vingi vinavyofuatana, ambavyo mtambo ni kimoja tu. Umwagiliaji wa matone usiogusa jani, kusimamisha maji siku kadhaa kabla ya kuvuna, buti na glavu za mkulima, kuosha mboga jikoni, vyote hivyo huhesabiwa. Kwa mji wetu hili lina maana kubwa. Zabibu za Dodoma zikimwagiliwa kwa matone hazihitaji maji ya kiwango kile kinachohitajiwa na kachumbari. Kitu ambacho huwezi kukilegezea ni mayai ya minyoo, kwa sababu yai la mchango wa tumbo huweza kuishi udongoni kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na halitishwi na klorini. Huondolewa kwa kutuama: maji yakikaa siku nyingi bwawani, yai huzama. Ndiyo maana mabwawa, teknolojia inayodharauliwa kwa kuonekana ya kizamani, mara nyingi hufanya kazi hiyo vizuri kuliko mashine ya bei kubwa inayopitisha maji kwa saa chache. Na kabla hujalipia mtambo wa kuondoa naitrojeni, muulize bwana shamba. Huenda unalipia kuondoa mbolea ambayo mkulima atainunua tena dukani. Mzabibu nao ukizidishiwa hukimbilia majani na kusahau matunda, kwa hiyo jibu halitakuwa moja kwa kila shamba. Chumvi ni jambo jingine: maji yakipungua kwa asilimia 10 bwawani, chumvi yake inaongezeka kwa asilimia 11, na bwawa la akiba linaongeza tena. Pima chumvi ya maji ya bombani kabla ya yote, kwa sababu hakuna bwawa litakaloipunguza.

Yapo mambo ambayo mtambo hauwezi kuyarekebisha, na somo lake bora liko Windhoek, Namibia. Mji huo ulianza mwaka 1968 kuyarudisha majitaka yaliyosafishwa kwenye mabomba ya maji ya kunywa, mita za ujazo 4,800 kwa siku pale Goreangab, na mwaka 2002 ukafungua mtambo mpya wa mita za ujazo 21,000. Watu husifu vichujio vyake, na vinastahili. Lakini msingi wa mafanikio yale ni uamuzi uliofanywa mbali na vichujio: majitaka ya viwandani yalitenganishwa na ya majumbani, yakapewa njia yake. Maji ya kiwanda cha ngozi au karakana ya betri yakishachanganyika na ya nyumbani, kila lita inakuwa ya mashaka. Kama eneo la viwanda la mji wako bado halijaungwa, sasa ndio wakati wa kuchora bomba la pili. Baada ya miaka kumi utatakiwa uvunje barabara ya lami.

Sasa ingia uani. Bomba la majitaka kupita mbele ya nyumba hakumaanishi nyumba imeungwa, na pengo kati ya mambo hayo mawili ndilo linaloua miradi. Katika mitaa yetu karo au shimo la choo mara nyingi liko nyuma ya nyumba, ilhali bomba linapita barabarani mbele. Kuunganisha ni kuchimba uani, kuvunja sakafu ya saruji, pengine kupita chini ya chumba cha mpangaji. Anayetakiwa kulipa ni mwenye nyumba, naye huenda anaishi mji mwingine. Anayenufaika ni mpangaji, ambaye hana mamlaka ya kuvunja hata tofali moja. Kwa hiyo usiridhike na hesabu ya watu kwenye ramani. Tembea nyumba kwa nyumba uandike ngapi zina choo cha kumwagia maji, ngapi zina maji ya bomba ndani, karo liko upande gani, na ngapi ziko chini ya usawa wa barabara. Gharama ya kuunganisha, hadi bafuni, iingie kwenye bajeti ya mradi kama inavyoingia nondo ya mtambo. Na wale ambao bomba halitawafikia wasisahaulike, kwa sababu ndio wengi. Tope la vyoo vyao litapakuliwa na gari, au litatapishwa mferejini usiku wa mvua, kama ilivyo desturi ya mitaa mingi ya Dar es Salaam. Gari la tope kinyesi likimwaga kwenye bwawa la kwanza lisiloandaliwa kwa ajili yake, shehena moja huweza kubeba uchafu unaolingana na wa mamia ya watu wa kwenye bomba. Lipe sehemu yake ya kumwagia na kukausha, lipe na barabara ya kufika.

Ukishajua nyumba ngapi zitaungwa kweli, ndipo uhesabu mtiririko, na hapa wahandisi wazuri hukosea kwa nia njema. Kata yetu ikiwa imeungwa yote hutoa wastani wa lita 14.8 kwa sekunde. Asubuhi, watu wakioga na kufua kwa pamoja, kanuni ya Harmon ya kukadiria kilele cha mtiririko inaupandisha wastani huo mara 2.65, hadi lita 39. Mhandisi anachagua bomba la milimita 300. Anafungua jedwali linalotaka kasi ya mita 0.6 kwa sekunde bomba likiwa limejaa, anapata kwamba mteremko wa mita 1 kwa kila mita 500 unatosha, na anafurahi kwa sababu mteremko mdogo ni uchimbaji mdogo. Lakini miaka ya mwanzo nyumba zilizoungwa ni asilimia 30: watu 6,000, wastani wa lita 4.4 kwa sekunde na kilele cha lita 14 hivi. Katika bomba lile, wastani huo unatembea kwa kasi ya karibu mita 0.39, na hata kilele cha asubuhi hakifiki mita 0.55. Bomba halijisafishi hata mara moja kwa siku. Mchanga unakaa, na katika mji ambao sufuria husuguliwa kwa mchanga na majivu, mchanga ni mwingi. Juu ya mchanga kinyesi kinaoza, gesi ya salfidi ya haidrojeni inapanda na kugeuka asidi kwenye dari la bomba la zege, na bomba lililosanifiwa kwa miaka 50 linaanza kubomoka mapema. Ukilaza bomba lilelile kwa mteremko wa 1 kwa 250, kilele cha miaka ya mwanzo kinafikia karibu mita 0.7 na kulisafisha kila asubuhi. Kwa kila kilomita unachimba mita 2 zaidi. Kwa hiyo kipenyo kikokotolewe kwa watu wa mwisho, mteremko ukokotolewe kwa watu wa mwanzo. Andika masharti yote mawili kwenye hadidu za rejea za mshauri, kwa sababu jedwali peke yake litamruhusu asahau la pili.

Mvua nayo ina hesabu yake. Paa la mita za mraba 100, mvua ikinyesha milimita 30 kwa saa, hutoa lita 0.83 kwa sekunde. Familia ya watu watano hutoa wastani wa lita 0.0037. Mtu mmoja anayeelekeza bomba la paa lake kwenye chemba anaongeza mzigo wa nyumba 225. Hakuna kipenyo cha bomba kitakachomudu mtaa wenye tabia hiyo. Kinachomudu ni mfereji wa maji ya mvua unaofanya kazi, na mkaguzi anayepita kabla ya masika. Mji usio na mifereji hauko tayari kwa bomba la majitaka.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wachumi wa miradi: kujenga mara moja kwa ukubwa wa miaka 30 ni nafuu kuliko kujenga vipandevipande. Kwa bomba kuu lililozikwa chini ya barabara wana haki, kwa kuwa gharama kubwa iko kwenye uchimbaji, wala si kwenye tofauti ya kipenyo. Kwa ardhi pia wana haki. Inunuliwe yote siku ya kwanza. Kwa mtambo hawana haki, na sensa ya Dodoma inaeleza kwa nini. Mwaka 2002 mji ulikuwa na watu takriban 324,000, na mwaka 2012 ulikuwa na 410,956, ongezeko la asilimia 2.4 kwa mwaka. Mpangaji mwaminifu aliyekaa mwaka 2012 na kuendeleza mstari huo angetabiri watu wapatao 521,000 mwaka 2022. Sensa ya 2022 ilikuta 765,179. Serikali ilikuwa imehamia huko, na hakuna kanuni ya hisabati ambayo ingeliona hilo kwenye takwimu za nyuma. Mji mwingine unaweza kukosea upande wa pili, ukajenga kwa ajili ya watu ambao hawakuja. Dawa si kutafuta utabiri bora. Panga awamu, na kila awamu ifunguliwe na kipimo badala ya mwaka: mtiririko wa kiangazi ukifikia asilimia 75 ya uwezo kwa miezi mitatu mfululizo, zabuni ya mstari wa pili wa mabwawa inatangazwa. Diwani anaweza kukisimamia kipimo hicho bila kuwa mhandisi.

Hapo ndipo mtambo unapopata ukubwa wake, na hapo ndipo pia unapaswa kukubali kwamba mabwawa si jibu la kila mji. Kampala imebanwa na vilima na mabonde ya majimaji, na mfereji wa Nakivubo unamwaga katika Ghuba ya Murchison, ghuba ileile ambamo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa. Huko mtambo wa mashine wa Bugolobi, wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, unaotoa pia gesi ya kuzalishia umeme, una hoja yake: ardhi ni haba na anayepokea maji mwishoni ni mnywaji. Lakini tazama kwamba hata hapo jibu limetoka kwa mpokeaji. Dodoma, penye ardhi na jua, mpokeaji ni mzabibu, bustani ya miti, na mkandarasi wa barabara anayeshindilia udongo.

Linabaki swali ambalo wahandisi hulikwepa na wananchi huliuliza kwanza: maji haya si najisi? Liheshimu. Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ina kipimo chake, kwamba maji yaliyoingiwa na najisi hutazamwa kwa rangi, ladha na harufu. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba majitaka yakisafishwa mpaka sifa hizo tatu zirejee hali yake, na yasiwe na madhara kwa afya, ni twahara. Muscat leo bustani na miti ya kando ya barabara humwagiliwa kwa maji ya namna hii. Waite masheikh na wachungaji mapema, mchoro ukiwa bado wa penseli, uwaonyeshe maji yanakopita na yasikopita. Wakiitwa siku ya uzinduzi watahisi wameletwa kubariki jambo lililokwisha, nao watakuwa sahihi.

Usiahidi kwamba mauzo ya maji haya yatalipa mkopo. Mkulima wa mboga hawezi, na akitozwa sana atarudi kwenye mfereji. Uendeshaji ulipwe na tozo ya majitaka ndani ya bili ya maji, iliyopitishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na thamani ya maji yaliyotibiwa ihesabiwe kwa kile yanachookoa: kila mita ya ujazo inayokwenda kwenye kitalu cha miti au eneo la ujenzi ni mita ya ujazo ambayo Mzakwe haikulazimika kuipandisha. Na wakulima wapewe mkataba wa maandishi unaotaja kiasi na miezi, ili mtu aweze kupanda mzabibu, zao linalosubiri miaka kadhaa kabla ya kumlipa.

Kabla ya kumwita mshauri yeyote, pata namba zako mwenyewe. Kama mji una bomba hata moja la majitaka, pima mtiririko kwenye chemba ya mwisho mchana kutwa, kisha urudi kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Kinachopita wakati huo ni zaidi maji ya ardhini yanayoingia kwenye maungio. Kikiwa kingi, karabati kwanza, ndipo ufikirie kupanua. Kama bomba halipo, soma mita za maji za nyumba 50 zilizochaguliwa kutoka mitaa ya hali tofauti, kwa wiki mbili. Fanya hivyo Septemba, na urudie Februari, kwa kuwa bwawa la akiba linahitaji namba zote mbili.